Nyumba mita 80 kutoka barabara kuu, kipimo kinasema hewa ni safi: je, inamfaa mtoto mwenye pumu?

Njia_Panda

Wakuu, naomba msaada wa wenye ujuzi wa hewa na afya kabla sijatia saini mkataba wa nyumba. Iko kama mita 80 kutoka ukingo wa barabara kuu ya njia sita. Pale barabara inapanda mlima, malori yanapita kwa gia nzito mchana na usiku, na upepo mara nyingi unavuka barabara kuja upande wa nyumba. Watakaokaa humo ni watu wazima wawili, mtoto wa miaka sita mwenye pumu, na bibi yake mwenye presha.

Kipimo kidogo cha PM2.5 (chembe za vumbi na moshi zenye kipenyo kisichozidi mikromita 2.5), hivi vyenye sensa ya leza, kimesoma mikrogramu 9 hadi 14 kwa mita ya ujazo barazani. Kipimo hichohicho kwenye nyumba iliyo kilomita 2 kutoka barabarani kimesoma 8 hadi 12. Mwenye nyumba anasema huo ni ushahidi wa kutosha.

Je, kweli tofauti ni ndogo hivyo? Madhara kwa mtoto na kwa bibi ni yapi hasa? Na tukihamia, kipi kinasaidia na kipi ni biashara ya watu? Nimeshatajiwa miti, mashine za kusafisha hewa na barakoa.

PimaHewa

Mkuu, kipimo chako ni kizima. Tatizo ni kwamba PM2.5 ndiyo namba dhaifu kuliko zote kwa kuitambua barabara.

PM2.5 inahesabiwa kwa uzito, na sehemu kubwa ya uzito huo inatoka mbali: vumbi, moshi wa majiko, takataka na mashamba yanayochomwa, viwanda. Ndiyo maana inakaribia kulingana mji mzima. Kinachotoka kwenye ekzosi, ukihesabu chembe moja moja, wingi wake uko chini ya mikromita 0.1. Piga hesabu: kipenyo cha mikromita 2.5 ni mara 25 ya 0.1, kwa hiyo ujazo ni 25 × 25 × 25. Unahitaji chembe 15,625 za mikromita 0.1 kupata uzito wa chembe moja tu ya 2.5. Zinaweza kujaa barazani maelfu kwa maelfu katika kila sentimita ya ujazo na mizani isishtuke. Halafu sensa ya leza yenyewe haioni vizuri kitu kilicho chini ya mikromita 0.3 hivi, kwa hiyo moshi mpya wa dizeli unapita mbele yake kama haupo. Na asubuhi zenye ukungu, unyevu ukizidi asilimia 80, inakosea upande wa pili: chembe zinavimba kwa maji na namba inapanda bila moshi wowote kuongezeka.

Barabara inajionyesha kwenye vitu vingine: hesabu ya chembe ndogo kabisa, masizi meusi, na gesi ya nitrojeni dioksidi (NO2). Vyombo vya viwili vya kwanza ni vya maabara. NO2 inapimika bila umeme kwa mirija ya kunasa gesi. Ni kamrija ka plastiki ka sentimita 7 hivi, ndani ya kifuniko cha juu kuna wavu uliopakwa kemikali inayokamata NO2. Unakifungua kifuniko cha chini, unauacha mrija wazi wiki 2 hadi 4, unafunga, unapeleka maabara. Utaratibu:

- Mirija mitatu pamoja kila sehemu. Mmoja peke yake unaweza kudanganya, na mmoja ukiwa mbali sana na wenzake wawili unautupa.
- Urefu wa mita 2 hadi 3 kutoka ardhini, mdomo ukitazama chini, hewa ipite huru. Usiuweke kwenye kona ya paa ambako hewa imelala, wala karibu na jiko, jenereta au bomba la moshi.
- Seti moja upande unaotazama barabara, moja nyuma ya nyumba, moja kwenye ile nyumba ya kilomita 2. Zote wiki zilezile. Ukipima nyumba moja mwezi huu na nyingine mwezi ujao umelinganisha hali ya hewa, hujalinganisha nyumba.
- Mrija mmoja ubaki umefungwa muda wote na usafiri na wenzake. Maabara itautumia kujua kama kuna NO2 iliyoingia njiani.
- Andika tarehe na saa ya kufungua na kufunga. Watu husahau hili, na jibu la maabara linagawanywa kwa saa.

Kiwango cha Shirika la Afya Duniani (WHO) cha mwaka 2021 kwa NO2 ni wastani wa mikrogramu 10 kwa mita ya ujazo kwa mwaka. Kabla ya hapo kilikuwa 40. Umoja wa Ulaya bado unatumia 40, na umepitisha 20 kuanzia 2030. Wiki nne si mwaka, lakini tofauti kati ya seti zako tatu itakwambia barabara inakuongezea nini, na hilo ndilo swali lako.

Sasa umbali. Vipimo vilivyofanywa Los Angeles mwanzoni mwa miaka ya 2000 kando ya barabara za 405 na 710 vilionyesha chembe ndogo zikishuka kwa kasi ndani ya mita 100 za kwanza upande upepo unakoelekea, na kufika mita 300 zilikuwa zimechanganyika na hewa ya kawaida ya mji. Mwaka 2010 taasisi ya Health Effects Institute ilipopitia tafiti zote ilisema eneo linaloguswa zaidi ni hadi mita 300 au 500. Mwongozo wa California wa 2005 ulishauri kutojenga nyumba, shule wala zahanati ndani ya futi 500 za barabara kubwa, yaani kama mita 150. Mita 80 na upepo unakujia, uko ndani kwa kipimo chochote kati ya hivyo.

Mambo mawili yanaifanya yako kuwa mbaya kuliko ramani inavyoonyesha. Kwanza mlima: injini inayopanda na mzigo inachoma mafuta mengi zaidi kwa kila mita, na upande wa wanaoshuka ni breki. Vumbi la breki lina chuma, shaba, bariamu na antimoni, la matairi lina zinki, na hilo halitaondoka hata magari yote yakiwa ya umeme. Pili, saa za kabla ya mapambazuko. Ardhi ikipoa, hewa baridi inakaa chini kama kifuniko na upepo unakufa. Karibu na Santa Monica watafiti waliukuta moshi wa barabara zaidi ya kilomita 1 kutoka ulikotoka saa hizo. Sasa fikiria watu wako wapi saa kumi na moja alfajiri: wamelala, madirisha wazi.

Dkt_Kifua

PimaHewa amemaliza upande wa vipimo. Mimi nijibu la madhara, nikianza na mtoto.

Kwa mtoto mwenye pumu, ushahidi kwamba moshi wa magari unaamsha mashambulizi hauna ubishi tena. Kwamba unaweza pia kuanzisha pumu kwa asiyekuwa nayo, ushahidi ni mzito ingawa si wa kiwango hicho. Jambo ambalo wazazi hawaambiwi ni ukuaji wa mapafu. Utafiti wa watoto wa Kusini mwa California, matokeo yake yakatoka 2007, ulifuatilia watoto 3,677 kwa miaka minane kuanzia umri wa miaka 10 hivi. Waliokaa ndani ya mita 500 za barabara kubwa walikua na upungufu wa wastani wa mililita 81 katika hewa wanayoweza kupuliza sekunde ya kwanza, ukilinganisha na waliokaa zaidi ya mita 1,500. Mtoto mwenye afya hatazisikia hizo mililita 81 leo. Ila mapafu yanamaliza kukua mwanzoni mwa utu uzima na baada ya hapo ni kushuka tu, kwa hiyo anayeanzia chini anafika pabaya mapema.

Kwa watu wazima wenye pumu kuna jaribio zuri la London: watu 60 walitembea saa mbili kwenye Oxford Street, ambako wakati ule mchana yalipita mabasi na teksi za dizeli tu, na siku nyingine saa mbili ndani ya bustani ya Hyde Park. Oxford Street pumzi yao ilipungua kwa kiasi kilichofikia asilimia 6.1, zaidi ya ilivyopungua bustanini. Saa mbili tu hizo.

Kwa bibi, hofu kubwa ni moyo na ubongo, mapafu yanafuata. Chembe kubwa zinanaswa puani na kooni. Ndogo zinafika kwenye vifuko vya hewa, na zile ndogo kabisa baadhi yake zinapenya hadi kwenye damu. Mwili unajibu kwa uvimbe wa ndani, mishipa inabana, damu inaganda kwa urahisi zaidi. Edinburgh waliwachukua wanaume 20 waliowahi kupata mshtuko wa moyo, wakawaendeshesha baiskeli ya mazoezi ndani ya chumba chenye moshi wa dizeli uliochanganywa na hewa. Kipimo cha umeme wa moyo kilionyesha misuli ikikosa damu zaidi kuliko walipovuta hewa safi, na uwezo wa mwili kuyeyusha damu iliyoganda ulipungua. Mapitio makubwa ya 2022 ya Health Effects Institute, yaliyochambua tafiti zaidi ya 350, yalitoa imani ya juu, au ya wastani hadi juu, kwa vifo vya magonjwa ya moyo na mishipa na vya saratani ya mapafu kwa wanaoishi kwenye moshi wa magari kwa muda mrefu. Moshi wa dizeli wenyewe uliwekwa na shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, kwenye kundi la kwanza la visababishi mwaka 2012.

Kwa presha, usisahau kelele. WHO kwa Ulaya mwaka 2018 ilishauri kelele za barabarani zisizidi desibeli 53 kwa wastani wa siku nzima na 45 usiku. Malori yanayopanda mlima usiku yatavuka hapo bila shida. Usingizi unaokatwakatwa unapandisha presha hata kama hewa ingekuwa ya mlimani.

Mkihamia, au hata mkiwa bado mnafikiria, fanyeni hivi kwa mtoto: pateni kipimo cha nguvu ya pumzi, kile cha kupuliza chenye mshale. Miaka sita anaweza, akifundishwa. Asimame wima, avute hewa hadi mwisho, abane midomo kwenye mdomo wa kifaa, apulize mara moja kwa nguvu na kwa haraka. Mara tatu, andika iliyo kubwa, usiandike wastani. Asubuhi na jioni kabla ya dawa, wiki mbili kwenye nyumba ya sasa, kisha wiki mbili baada ya kuhama. Kila siku toa ndogo kwenye kubwa, gawanya kwa wastani wa hizo mbili. Kama wastani wa wiki unazidi asilimia 13 kwa mtoto (10 kwa mtu mzima), ni dalili kwamba pumu haijadhibitiwa vizuri. Kosa la kawaida ni mtoto kutema hewa kama anarusha mate, namba inaruka juu bila sababu. Mipulizo mitatu ikiachana sana, rudia.

Kisha namba yake bora kabisa ndiyo kipimo chake. Juu ya asilimia 80 ya hiyo, endeleeni kama kawaida. Kati ya 50 na 80, fuateni mpango wa dawa aliowaandikia daktari wake. Chini ya 50, au akishindwa kumaliza sentensi, mbavu zikiingia ndani anapovuta hewa, au midomo ikibadilika rangi, ni hospitali saa hiyohiyo.

Na jambo ambalo lina uzito kuliko mashine zote mtakazonunua: kama mtoto anategemea inhela ya buluu ya kutuliza peke yake, rudini kwa daktari mzungumze kuhusu inhela ya kuzuia yenye steroidi, ya kila siku, kwa spesa (kile kichupa kinachokaa kati ya inhela na mdomo). Ile ya buluu inafungua njia ya hewa kwa saa chache, uvimbe unabaki palepale, na moshi wa barabara unachochea uvimbe.

Mzee_wa_Hoja

Naheshimu wataalamu ila hapa mnatisha watu. Wanaoishi kando ya barabara kuu mara nyingi ni wenye kipato kidogo, wanavuta sigara zaidi, wanapikia moshi, wanachelewa hospitali. Mnapima umaskini mnaita moshi wa magari. Na mamilioni wanaishi hapo hadi uzee.

Dkt_Kifua

Mzee wangu, hoja yako ni ya haki na watafiti wameihangaikia kweli. Jibu zuri kuliko yote nilijualo liko kwenye vituo vya kulipia barabara huko New Jersey na Pennsylvania. Vilipowekewa malipo ya kielektroniki ya E-ZPass, magari yaliacha kupanga foleni na kuondoka kwa kishindo. Wakazi walewale, nyumba zilezile, kipato kilekile. Kilichobadilika ni moshi. Kwa akina mama waliokuwa ndani ya kilomita 2 za vituo hivyo, wakilinganishwa na waliokuwa kilomita 2 hadi 10 kando ya barabara hizohizo, kuzaa kabla ya wakati kulipungua kwa asilimia 10.8 na watoto wenye uzito mdogo kwa asilimia 11.8. Umaskini hauondolewi na kifaa cha kulipia kilichobandikwa kwenye kioo cha gari.

Upande wa pili, uko sahihi kwamba hatari ya mtu mmoja mmoja mara nyingi ni ndogo. Utafiti wa Ontario wa 2017 uliofuatilia watu milioni 6.6 ulikuta waliokuwa ndani ya mita 50 za barabara kubwa wana hatari ya ugonjwa wa kusahau iliyozidi kwa asilimia 7. Mita 50 hadi 100, asilimia 4. Kuvuta sigara kunazidi hapo mbali. Kwa mtu mzima mwenye afya ningesema achague nyumba kwa mambo mengine kwanza. Hapa tunaongelea mtoto mwenye pumu. Ella Adoo-Kissi-Debrah, aliyekuwa na pumu kali na kuishi jirani na South Circular Road huko London, alifariki 2013 akiwa na miaka 9. Desemba 2020 uchunguzi rasmi wa kifo chake uliamua kwamba uchafuzi wa hewa ulichangia, na ukataja wazi kwamba mama yake hakuwa amepewa taarifa juu ya hatari hiyo.

FundiDari

Nitazungumzia nyumba yenyewe. Usianze kwa kununua, anza kwa kuchagua chumba. Vyumba vya kulala viende upande uliogeuzia barabara mgongo, hasa cha mtoto. Mtu analala theluthi ya maisha yake, na saa mbaya za hewa, kama alivyosema PimaHewa, ni za usiku wa manane kwenda alfajiri. Jikoni, stoo na bafu viende upande wa barabara.

Pili ni mianya. Washa ubani au udi, siku yenye upepo pita nao taratibu kwenye fremu za madirisha, chini ya mlango, matundu ya hewa ya ukutani, na pale dari linapokutana na ukuta. Moshi unapoyumba ndipo hewa inapoingia. Mianya ya fremu ni mpira wa kubandika, ya ukutani ni silikoni, chini ya mlango ni brashi. Matundu ya hewa upande wa barabara yazibe, ya nyuma yaache. Usizibe yote, na usizibe kabisa nyumba inayowaka jiko la mkaa au gesi ndani, kaboni monoksidi itawamaliza kabla ya malori.

Kosa ninaloliona kila mahali ni feni ya jikoni ya kutoa moshi. Ikiwashwa madirisha yote yakiwa yamefungwa, inanyonya hewa ya kujazia kupitia mianya, na mianya mingi iko upande wa barabara. Umetoa moshi wa kitunguu, umeingiza wa dizeli. Ukiiwasha, fungua dirisha la nyuma sentimita 5 hadi 10 ili ivute kutoka huko.

Sasa mashine. Hesabu ni ujazo wa chumba mara 5, ndiyo kiasi cha hewa safi kwa saa. Chumba cha mita 3.5 kwa 4 chenye dari la mita 2.8 ni mita za ujazo 39. Mara 5 ni karibu 196 kwa saa. Angalia namba inayoitwa CADR kwenye boksi. Ikiwa imeandikwa kwa futi za ujazo kwa dakika, zidisha kwa 1.7. Halafu jua kwamba namba hiyo ni ya kasi ya juu kabisa, ambayo hakuna mtu anaweza kulala nayo. Nunua yenye mara mbili ya unachohitaji, uiendeshe kasi ya chini. Wanaolalamika kwamba mashine haisaidii wengi wao wanaizima usiku kwa sababu ya kelele.

Filta ya HEPA inanasa chembe, hata zile ndogo kuliko 0.3, kwa sababu chembe ndogo sana zinayumbayumba na kugonga nyuzi. Haishiki NO2. Kwa gesi unahitaji kaboni hai, na iwe ya kilo kadhaa, punje zake uzisikie ukitikisa. Karatasi nyeusi nyembamba waliyoibandika mbele ya filta inashiba mapema, ni pambo. Mashine zinazojisifu kwa "ioni" au ozoni usizilete karibu na mtoto mwenye pumu. Ozoni inaumiza njia za hewa.

Ukitaka ya kujitengenezea: filta nne za mraba za daraja la MERV 13, sentimita 50 kwa 50, unene wa sentimita 5, zisimamishwe kuwa kuta nne za boksi, mishale ya mtiririko ikitazama ndani. Chini kadibodi nene. Juu feni ya mraba ya sentimita 50 ikipuliza kwenda juu. Ziba kila kiungo kwa gundi ya utepe. Kisha kata kadibodi yenye tundu la duara la sentimita 38 hivi, ibandike juu ya feni. Wengi wanaruka hatua hii, na bila hiyo hewa inarudi chini kupitia pembe nne za feni. Tumia feni mpya yenye fyuzi. Filta hizi zinafanya kazi kwa chaji ya umeme iliyo kwenye nyuzi, kwa hiyo usizioshe wala kuzianika juani. Zikiwa nyeusi, badilisha. Kando ya barabara tegemea miezi 6.

Kufagia ndani na ufagio mkavu kunarudisha hewani kila kilichotua. Futa kwa kitambaa kibichi.

Mpandamiti

Kwenye miti watu wanadanganyana sana. Mstari mmoja wa miti mirefu yenye shina tupu chini hauzuii kitu, moshi wa lori unapita hapohapo chini ya matawi. Pengo kwenye ua ni baya zaidi, linakuwa mdomo wa kupitishia. Mapendekezo ya shirika la mazingira la Marekani, EPA, ya mwaka 2016 ni ukanda wenye kimo cha mita 5 au zaidi, unene wa mita 10 hivi, majani kuanzia ardhini hadi juu, usio na pengo, usiopukutisha majani, na uzidi urefu wa eneo unalolinda ili moshi usizunguke pembeni. Ukuta imara wa kuzuia kelele pamoja na ukanda huo nyuma yake ni bora kuliko kimoja. Barabara nyembamba yenye majengo marefu pande zote ni kinyume: mwavuli wa miti unaufungia moshi chini.

Kitu ambacho hakijatajwa ni udongo. Petroli yenye risasi iliuzwa duniani hadi 2021, nchi ya mwisho ikiwa Algeria, na risasi haiozi. Kando ya barabara ya zamani ipo kwenye udongo wa juu, nyingi kwenye mita chache za kwanza. Mita 80 si tatizo kubwa, ila kama uwanja wa nyumba ulijazwa udongo uliochotwa kando ya barabara, upime kabla mtoto hajauchezea. Uwanja wenye nyasi ni salama kuliko ulio wazi.

Njia_Panda

Wakuu, shukrani za dhati. Mmenifungua macho kwenye suala la kipimo. Yamebaki mawili. Madirisha yafunguliwe saa ngapi, maana hatuwezi kuishi ndani ya kopo? Na barakoa na gari, maana safari ya shule ni dakika 40 kwenye barabara hiyohiyo.

PimaHewa

Madirisha: ya nyuma tu, kuanzia jua linapokuwa limepasha ardhi, saa nne asubuhi hivi, hadi kabla ya msongamano wa jioni. Joto linapandisha hewa na upepo unachanganya. Siku upepo ukigeuka ukaenda upande wa barabara, fungua yote. Kwa usiku nunua kipimo cha kaboni dioksidi. Kikizidi 1,000 chumbani, fungua kidogo dirisha la nyuma huku mashine ikiendelea. Hicho kipimo, tofauti na kile cha PM2.5, kinakwambia hasa unachotaka kujua.

Gari: funga vioo, weka kitufe cha kuzungusha hewa ya ndani, hasa nyuma ya lori na kwenye foleni. Chembe zinashuka sana, lakini pumzi zenu zinajaa na dereva anasinzia, kwa hiyo kila dakika 10 au 15 ruhusu hewa ya nje kwa dakika moja au mbili mahali penye nafasi. Filta ya hewa ya kabati ibadilishwe mapema kuliko kitabu kinavyosema. Acha nafasi ya urefu wa gari zima mbele yako badala ya kuganda kwenye ekzosi ya aliyekutangulia.

Barakoa za FFP2 au N95 zinachuja chembe vizuri kama zimebana, gesi zinapita. Ya kitambaa na ya upasuaji zina mianya pembeni. Kwa mtoto wa miaka sita kupata inayobana ni kazi, na mwenye pumu akisema inamkaba, mvue. Kama shule inafikika kwa njia ya nyuma, hata ikiongeza dakika tano, pita huko.

Dkt_Kifua

Nyongeza ndogo hapo: uliza shule yenyewe iko mita ngapi kutoka barabarani na wanacheza upande gani. Mtoto anayekimbia anavuta hewa nyingi mara kadhaa kuliko aliyekaa, na mapumziko ya asubuhi yanaweza kuangukia kabla hewa haijachanganyika. Kama uwanja uko ubavuni mwa barabara, hilo ni la kuzungumza na mwalimu kabla ya kuzungumza na muuza mashine. Inhela ya buluu iwe na mwalimu wa darasa, isiwe kabatini ofisini, na mpango wa dawa ulioandikwa ukae nayo.

FundiDari

Na kabla ya kusaini, rudi pale saa kumi na moja alfajiri siku isiyo na upepo. Simama kwenye chumba atakacholala mtoto, dirisha likiwa wazi. Ukinusa dizeli humo, muulize mwenye nyumba kama atakubali uzibe matundu ya ukutani na kubadilisha mpira wa fremu, na aandike kwenye mkataba.